Kijiti Ndani ya Kigimbi

Kipande cha mti chenye urefu wa kidole cha mwisho kilikaa ndani ya mguu wa Chacha tangu msimu wa kupanda mahindi hadi mahindi yalipoanza kukauka shambani, na kidonda juu yake kila kilipopasuka kilifunga tena vizuri kabisa. Ngozi iliungana. Kovu lilikuwa safi. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa mzima. Na Chacha mwenyewe, kila alipoulizwa kama anaumwa, alijibu hapana.

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya altrasaundi, shikeni hilo kwanza, kisha niwaeleze ilikuwaje.

Kazi hii nimeifanya miaka mingi, kwanza Tarime, baadaye Mugumu, na nimestaafu juzijuzi tu. Nilizaliwa Kondoa, lakini huku Mara ndiko nilikopewa jina ninaloitikia mpaka leo: Mama Picha. Watu wengi wa huku wanaijua altrasaundi kama mashine ya wajawazito. Hawajakosea sana, maana sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimetazama watoto ambao hawajazaliwa. Lakini mashine hiyohiyo inaona msuli uliochanika, damu iliyojikusanya chini ya ngozi, usaha uliojificha, na kidonda kinavyojijaza kutoka chini kuja juu. Shida ni kumpata mwanamume wa Kikurya akubali kukaa kwenye lile benchi.

Chacha alikaa, siku moja hospitalini kwetu Mugumu. Ni mkulima wa Ringwani, mtu wa makamo, mrefu, na katika kikundi chao cha ngoma hakuna aliyekuwa akiruka juu kama yeye. Ngoma yao huchezwa na viatu vya mbao, vinene na vizito, huku litungu, chombo cha nyuzi cha Wakurya, likipigwa pembeni. Siku hiyo alikuja na mama yake, Bibi Wankuru, naye Chacha alikuwa amejifunika shuka mpaka machoni kama mtu mwenye homa. Kwenye benchi kulikuwa na wajawazito watupu. Mmoja wao, mwanamke wa Morotonga mwenye tumbo lililofika mwisho, alimtazama kwa muda, kisha akamwita tata, yaani baba, na kumuuliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Shikamoo, tata. Wewe unatarajia lini?"

Benchi zima likamgeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nikaogopa ataondoka.

"Marahaba," Chacha akajibu kutoka ndani ya shuka. "Sijaambiwa. Wangu yuko mguuni."

"Anacheza?"

"Anapiga mateke mpaka silali."

Wanawake walicheka mpaka nesi wa chumba cha pili akatoka kuuliza kuna nini. Shuka likashuka hadi mabegani, na Chacha akawa anaongea na majirani zake wa benchi kuhusu bei ya mbegu. Mcheshi mmoja kwenye foleni ni dawa. Mkimpata, msimharakishe kuingia ndani.

Alipolala kitandani, kabla sijapaka jeli, aliniuliza swali. Hakuuliza kama atapona.

"Mama, nitaruka?"

Bibi Wankuru ndiye aliyenielewesha. Binti mkubwa wa Chacha, Ghati, alikuwa anaolewa baada ya mavuno. Tangu Ghati akiwa mtoto wa kubebwa, baba yake alikuwa akimwambia kwamba siku ya harusi yake ataruka mpaka wageni waone nyayo za viatu vyake. Harusi ilikuwa imeshapangwa. Na mguu ulikuwa unavimba, unapasuka, unatoa usaha, unafunga, halafu unavimba tena.

"Wanasema amerogwa," Bibi akasema. "Mimi nasema ni damu mbaya. Namkanda kwa maji ya moto na samli kila jioni, lakini damu yenyewe inaleta ukaidi."

Nikamuuliza Chacha kidonda kilianzaje. Hapo akafurahi, kwa sababu ilikuwa hadithi aliyozoea kuisimulia. Walikuwa wanacheza ngoma kwenye mji wa jirani yake, palepale Ringwani. Aliruka, akatua vibaya ukingoni mwa uwanja, akaangukia ua wa zizi la ng'ombe, na mti wa ua ukaingia kwenye kigimbi. Alisimama. Mbele ya watu wote akaushika ule mti, akauchomoa, akauinua juu, na uso wake haukujikunja hata kidogo. Wanawake wakapiga vigelegele. Mpiga litungu akamtungia maneno papo hapo. Kisha Chacha akautupa mti na kumaliza wimbo.

"Uliangalia ncha yake?" nikamuuliza.

"Ncha ya nini?"

"Ya mti."

"Mama, ningeangalia ncha na watu wananiimbia?"

Nikapaka jeli. Sasa vijana, sikilizeni vizuri. Mtu akiwa na jeraha la msuli, unapitisha probu, kile kichwa cha mashine, taratibu juu ya ngozi huku ukiuliza panapouma, na jibu lake linakuonyesha pa kutazama. Huku kwetu jibu hilo halikusaidii. Mwanaume aliyelelewa huku amefundishwa tangu ujana wake asionyeshe maumivu mbele za watu, na wewe mwenye koti jeupe ni watu. Utauliza "hapa panauma?" naye atajibu "hapana" kwa sauti ya mtu anayekataa chai. Wahudumu waliomwona Chacha kabla yangu walimuuliza kama ilivyo kawaida, wakajibiwa hapana, wakaandika hapana. Siwalaumu.

Mimi nilishaacha kutazama nyuso. Natazama vidole vya mguu. Uso wa mtu unaweza kufundishwa, lakini sijaona aliyefundisha vidole vyake vya miguu. Nilianza na mguu mzima, kama mnavyotakiwa kufanya kila mara, ili nijue msuli wa mtu huyu ukiwa salama unafananaje. Kisha nikahamia mguu mbovu. Juu ya kovu, vidole vimetulia. Chini kidogo, vimetulia. Nilipofika upande wa ndani wa kigimbi, vidole vyote vikajikunja kama vinataka kushika kitanda.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

Nikabaki hapohapo. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na mstari mweupe, ulionyooka kupita kiasi. Ndani ya mwili hakuna kitu kilichonyooka namna ile. Kuuzunguka palikuwa na weusi, ndio usaha, na nyuma yake kivuli cheusi kilichoshuka hadi chini ya picha. Pembeni nyuzi za msuli zilikuwa zimekatika, zimeachana.

Kivuli kile nilikuwa nakijua kwa sababu ya mwalimu wangu wa Tarime, Mzee Lusekelo, mtu wa Mbeya aliyependa vitu viwili: mashine zake na nyama. Nilipoanza kazi hatukuwa na probu bapa ya kuonea vitu vya karibu na ngozi. Tulikuwa na moja tu ya tumbo, iliyopinda, na ukiitumia kwenye kidonda ni kama kusoma gazeti ukiwa umelibandika puani. Probu bapa ilipoletwa, Mzee Lusekelo alinunua kipande cha paja la ng'ombe buchani, akaficha ndani yake vijiti vya meno, akatuita mmoja mmoja tuvitafute. Eksirei haioni mti, alituambia, kwa hiyo ni sisi au hakuna mwingine. Tulivitafuta asubuhi nzima. Mchana nyama ikaoshwa jeli, ikachemshwa, tukaila na ugali. Mzee Lusekelo ndiye aliyeng'ata kijiti tulichoshindwa kukipata. Alikitoa mdomoni, akakiweka katikati ya meza, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaendelea kula. Sijawahi kufundishwa somo likakaa kichwani kuliko lile.

Nikamgeuzia Chacha kioo. "Mti wako bado umo."

Akainuka kwa kiwiko, akatazama. "Huo si wangu."

"Umo kwenye mguu wako."

"Wangu niliutoa. Ringwani nzima iliuona. Uliza mtu yeyote."

"Ulitoa mti. Ncha imebaki."

"Labda mashine imechanganya na ya mtu mwingine."

Bibi Wankuru alikuwa ameinama mbele ya kioo, pua karibu iguse. "Mura," akasema taratibu, kama Wakurya wanavyomwita kijana wao, "miezi yote hii umebeba ua wa watu?" Kisha akaanza kucheka, na kicheko kilimshinda hadi akakaa chini sakafuni na kufuta machozi kwa kanga. Chacha alijaribu kubaki na uso wake ule, akashindwa. Kucheka kumbe hakumo kwenye mafunzo.

Daktari wa upasuaji alikitoa wiki hiyohiyo. Kilikuwa kijiti cheusi, chenye ganda upande mmoja. Bibi alikiomba, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kuwaonyesha wote waliosema mwanawe amerogwa. Naambiwa alipita nyumba kwa nyumba.

Kutoa kijiti ilikuwa sehemu rahisi. Kilichobaki ni shimo ndani ya msuli, na harusi iko njiani. Kidonda cha aina ile hakishonwi; kinaachwa wazi ili kijijaze kutoka ndani. Ukikitazama kwa macho unaona mdomo tu. Mdomo unaweza kufunga kabla ya tumbo, na hapo usaha unarudi. Kazi yangu ilikuwa kutazama tumbo la kidonda. Nilifunika probu kwa glovu safi yenye jeli ndani, nikapita pembeni mwa kidonda, si juu yake, na kwa mkono mwepesi. Mkono mzito ni kosa ninaloliona kwa vijana wengi. Ukibonyeza, maji yaliyojikusanya yanasukumwa pembeni, picha inakuja safi, unamwambia mtu amepona, naye hajapona. Wekeni jeli nyingi mpaka probu ielee. Na chupa ya jeli iwekeni kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, hasa asubuhi za baridi. Msuli ukishtuka unajikaza, na picha inabadilika.

Ziara mbili za kwanza zilinifurahisha. Weusi ulikuwa unapungua, na nyuzi changa zilianza kuonekana pembeni. Bibi Wankuru alikuja kila mara na alikuwa amechukua kiti cha mbele ya kioo kama chake. Siku moja aliniomba nimwonyeshe tena mguu mzima. Akatazama ile mistari ya msuli, imelala sambamba, mmoja baada ya mwingine.

"Kumbe nyama ya mtu ina matuta," akasema. "Kama shamba lililolimwa na ng'ombe wenye adabu."

"Na mguu huu mwingine?"

"Hapa ng'ombe walishtuka."

Nilikuwa nimetafuta miaka mingi maneno ya kumweleza mgonjwa msuli uliochanika. Tangu siku hiyo nikawa nayatumia hayo, Mugumu na kokote nilikokwenda, na hakuna mkulima aliyewahi kuniomba nirudie.

Ziara iliyofuata, weusi ulikuwa umeongezeka. Nikapima mara mbili. Palikuwa na damu mpya ndani, na nyuzi changa zilikuwa zimeachana tena. Chacha alisema hajaruka, hajabeba mzigo, hajafanya lolote. Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nimeshasikia harufu. Vijana, pua nayo ni kifaa cha kazi. Mguu ulikuwa unanukia samli.

"Bibi, umemkanda?"

"Sijamkanda."

"Bibi."

"Nimepitisha mkono tu."

"Umepitisha mara ngapi?"

"Kidogo kidogo. Kila jioni." Akainua mikono yake. "Mama Picha, mikono hii imekanda wazazi wa nusu ya Ringwani. Nikae nayo tu mwanangu akiwa hivi?"

Sikumkatalia, maana ni kweli, mikono ile imesaidia watu wengi, na migongo na mabega yana haki yake ya kukandwa. Nilichofanya ni kuweka probu pembeni mwa kidonda, nikamwambia abonyeze juu kidogo, kwa kidole kimoja, kwa wepesi, huku akitazama kioo. Akabonyeza. Ndani ya ule weusi vitu vikazunguka kama tope linapokorogwa, na kingo za msuli zikatengana mbele ya macho yake. Akautoa mkono mwenyewe kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Na huu mzima?" akauliza mwishowe. "Huu nao siruhusiwi?"

"Huo kanda mpaka uchoke."

"Mama Picha," Chacha akasema kutoka kitandani, "umeniponza."

Toka siku hiyo mguu mzima ulikandwa kwa ajili ya yote miwili, na mguu mbovu ukaachwa ujijenge.

Katika kipindi hichohicho nilimhudumia kijana kutoka Shinyanga aliyekuja huku Mara kuchimba dhahabu. Jiwe lilikuwa limemwangukia pajani, na damu imejaa chini ya ngozi kama mfuko. Alikuwa ananitazama kwa makini kuliko wagonjwa wote, anauliza probu inaona kina gani, inaona vitu vigumu, inatumia betri? Nilidhani nimepata mwanafunzi. Mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, na ukiiweka ardhini?" Nilimwambia ardhi haina maji ya kutosha na jeli yenyewe ingeisha. Akasikitika kweli. Damu ya paja ilikauka vizuri, na mara ya mwisho alipokuja alikuwa bado anafikiria hiyo jeli.

Siku hizi mashine imekuwa ndogo. Ninyi mnachomeka probu kwenye simu na mnaondoka nayo kwa pikipiki. Miaka yangu ya mwisho kazini tulikwenda hivyo hadi Natta, tukapima watu wanaofanya kazi kwenye kambi za watalii, wapishi na walinzi na wapagazi, mtu amelala kwenye meza ya chakula na simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Ni raha. Lakini simu ikikwambia yote ni salama, bado mtazame vidole.

Nirudi kwa Chacha. Kidonda kilijaa kutoka chini, na mdomo ukafunga wa mwisho, kwa wakati wake. Msuli ulikuwa unajipanga. Ziara baada ya ziara matuta yalikuwa yanakutana. Picha ya mwisho niliipiga wiki ya harusi. Sehemu kubwa ilikuwa imeungana. Upande wa ndani kabisa ulibaki mstari mweusi, mwembamba, upana wake kama punje ya ulezi. Mstari kama huo unaweza kuwa uwazi ambao bado haujaziba, na unaweza kuwa kovu gumu lisiloonekana vizuri. Ili kujua lazima usubiri, upige tena, ulinganishe. Harusi haikuwa na nafasi ya kusubiri.

Daktari alimwambia atembee, acheze polepole, asiruke. Chacha akanigeukia.

"Na wewe unasemaje, Mama? Wewe ndiye unayemwona huyu wangu wa mguuni."

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi naona mstari, na sijui ni wa nini. Huo ndio ukweli wa kazi hii. Picha haijui harusi ya mtu, na wewe usiiongezee maneno.

Akaitikia kwa kichwa, akanialika.

Nilikwenda Ringwani. Ghati alikuwa amependeza, na alikuwa akimtazama baba yake kila litungu lilipobadilisha wimbo. Chacha alicheza kama alivyoagizwa, polepole, mabega tu, na mimi nikaanza kula kwa amani. Kisha kikundi chake kikatoka na viatu vya mbao. Yeye akaketi, akavua hata viatu alivyokuwa amevaa, akaingia katikati bila kitu mguuni. Alikuwa amefikiria mwenyewe, nadhani: bila ule uzito, labda mguu utamsamehe. Bibi Wankuru, aliyekuwa karibu yangu, alinishika mkono.

"Usimwite," akasema.

"Simwiti."

Aliruka. Si juu kama zamani, waliomjua walisema hivyo baadaye, lakini kichwa chake kilipita vichwa vya wenzake. Akatua. Akaruka tena. Ghati aliacha kiti chake cha bibi harusi akaja akasimama mbele yake, anapiga makofi, analia, anacheka, na watu wakawafunika kwa vigelegele hata litungu likapotea. Niliruka na mimi. Siwezi kuwaambia niliruka kiasi gani.

Juma lililofuata nilimpigia simu aje tupige picha.

"Mama Picha," akasema, "harusini picha zimepigwa nyingi sana. Chukua yoyote."

Nimempigia tena mara kadhaa kabla ya kustaafu, na mara moja baada ya hapo. Ananisalimia vizuri, ananipa habari za Ghati, anamwita mama yake tuongee. Ameshacheza kwenye harusi nyingine mbili, moja Natta, na sasa amevaa tena viatu vya mbao. Nikimuuliza mguu, anasema hauumi. Ule mstari mweusi upande wa ndani wa kigimbi hakuna aliyeutazama tena, na sijui ulikuwa wa nini.